Hai kwa Mujibu wa Sheria

Kila Januari ofisi ya meya wa Kestelheim, katika jimbo la Alsace nchini Ufaransa, huwaandalia wazee wa kijiji chakula cha mchana, na kila Januari barua mbili huingia nyumbani kwa Leonie Reibel. Moja ni yake. Ya pili ni ya kaka yake Aloyse, aliyechukuliwa kijijini kwenda vitani mwaka 1943 akiwa na miaka kumi na saba, akaandika mara ya mwisho Juni 1944, na tangu hapo hakuna aliyemwona wala kumsikia.

"Mpendwa Bwana Reibel," ilisema barua ya mwaka 2008. "Tuna furaha kukualika. Tafadhali tia alama panapohusika: samaki au nyama. Je, utahitaji usafiri?"

Usafiri! Leonie aliisoma amesimama jikoni, koti bado mwilini, viatu vikichuruza maji ya theluji sakafuni. Usafiri kutoka kwenye kinamasi gani cha Urusi? Miaka ya mwanzo barua zile zilimliza. Baadaye zikamchekesha, akawa anawasomea wageni wake kama kichekesho. Sasa alikuwa na miaka sabini na saba na hakuwa na machozi wala kicheko cha kupoteza. Alikuwa amechoka tu, uchovu ule wa mtu anayemwambia mwenzake jambo moja kwa miaka hamsini, na mwenzake anaitikia "ndiyo, ndiyo" huku akitazama pembeni.

Lakini mwaka ule kulikuwa na jambo jingine. Baridi ya Desemba ilikuwa imeupasua mnara wa waliokufa vitani, ule ulio mbele ya kanisa, na baraza lilikuwa limeagiza fundi mchonga mawe aje Machi kuziba ufa na kuyafufua majina yaliyofifia. Tangazo lilibandikwa: mwenye jina la kuongeza alilete mapema. Fundi wa namna hiyo hufika kijijini mara moja katika umri wa mtu, na Leonie hakuwa na umri mwingine wa kumsubiri. Hakuolewa, hakuzaa. Siku atakayofumba macho, hatabaki mtu duniani aliyewahi kuisikia sauti ya Aloyse. Alitaka jina la kaka yake lichongwe kwenye jiwe lile, na alilitaka kabla ya Machi kwisha.

Akaikunja barua, akaitia mfukoni, akatoka na viatu vyake vilevile vyenye maji.

Meya alikuwa Sandrine Klipfel, mkulima wa zabibu, mama wa watoto watatu na mjukuu wa binamu yake Leonie. Hapo alikuwa anazungumza kwa simu kuhusu mtaro ulioziba.

"Haya, chagua," Leonie alisema, akaibwaga barua juu ya meza. "Ama mnamchonga jiweni, ama mnampelekea samaki wake huko aliko. Mimi nimechoka."

Sandrine akaisoma, akakata simu bila kuaga. "Jamani! Tena? Bibi, nisamehe. Ni kompyuta hiyo. Inachukua majina kwenye daftari la vizazi. Ambaye hajaandikiwa kifo pembeni mwa jina lake, yenyewe inamhesabu yupo."

"Kwa hiyo kisheria kaka yangu yu hai."

"Kisheria, ndiyo. Ana miaka themanini na miwili."

"Mzima wa afya?"

"Bibi, tafadhali."

"Nauliza tu. Maana kanisani simwoni, kura hapigi, na kuni sijamwona akipasua. Mwanamume mvivu kiasi hicho nani kawahi kumwona?"

Sandrine alimvutia kiti. Akamweleza, kwa upole wa mtu aliyeshaeleza, kwamba mambo yalikuwa mawili. La kwanza, mahakama itangaze kwamba Aloyse amekufa, kwa sababu jina la mtu aliye hai haliwezi kuchongwa kwenye mnara wa wafu. La pili, kamati ya mnara ikubali. Akatamka hilo la pili upesi upesi, kama anayemeza dawa chungu.

"Na mwenyekiti wa kamati bado ni yeye?" Leonie aliuliza.

"Bado ni yeye. Jumanne ya tatu ya Februari, saa nane mchana, Bibi. Njoo useme mwenyewe."

Si kwamba Leonie alikuwa amekaa amekunja mikono miaka yote hiyo. Aliwahi kuandika Berlin. Wakamjibu kwa adabu kubwa kwamba askari Reibel alipotea karibu na Vitebsk, kwamba kupotea si kufa, na kwamba aulize Warusi. Akaandika Moscow. Ikapita miaka miwili, wakajibu kwamba kwenye orodha zao za mateka hayumo, aulize Wajerumani. Akaandika Paris. Paris walimwarifu kwa masikitiko kwamba Bwana Reibel hakufa kwa ajili ya Ufaransa, na ofisi yao ilishughulika na waliokufa kwa ajili ya Ufaransa tu. Serikali tatu nzima, zenye majumba na mihuri na wanawake wa kupokea simu, zikampiga danadana mwanamke mmoja wa Kestelheim. Walipomtaka mtoto wa miaka kumi na saba walimpata ndani ya wiki moja, pamoja na kipimo cha kofia na viatu vyake. Kumrudisha, hata jina tu, ikawa hakuna anayemjua.

Watu wa nje huwa hawaelewi. Alsace ilikuwa ya Ufaransa, ikawa ya Ujerumani, ikarudi Ufaransa, ikachukuliwa tena mwaka 1940, ikarudi tena. Babu yake Leonie alizaliwa, akaoa, akazeeka na kufa katika chumba kilekile, na alikuwa amebadilishwa utaifa mara nne bila kuhama hata kitanda. Miaka miwili baada ya kuichukua, Wajerumani waliwakusanya vijana wa Alsace kwa lazima, wakawavisha sare zao na kuwapeleka kupigana na Warusi. Aliyekataa walimjia mama yake.

Leonie mwenyewe alisoma kwenye darasa moja, dawati moja, akitazama nje kwa dirisha moja. Alipokuwa na miaka tisa, mwalimu Mfaransa aliwafundisha kwamba vita hutokea kwa sababu Wajerumani ni wachokozi. Alipokuwa na miaka kumi na mmoja, mwalimu Mjerumani alisimama palepale akawafundisha kwamba vita hutokea kwa sababu Wafaransa ni wachokozi. Picha ya rais ilishushwa, ikapandishwa ya yule mwenye kisharubu, kwenye msumari uleule. Mwaka 1945 Mfaransa akarudi, na msumari ulikuwa bado mzima. Tangu hapo, mtu akianza kumweleza Leonie sababu za vita, akaanza na heshima ya taifa na mipaka na mikataba, Leonie aliinuka kwenda kutazama sufuria yake hata kama hakuwa amepika.

Alikuwa na sababu yake mwenyewe, na hakuwahi kuisoma popote. Vita hupata watu kwa sababu kila mara yupo anayewahakikishia kwamba vitaisha kabla ya mavuno. Babu aliambiwa hivyo mwaka 1914. Wanaume wa kijiji waliambiwa hivyo mwaka 1939. Na mama yake, mwanamke mwenye akili kuliko wanaume wote wa nyumba ile, alimfungia Aloyse vifungo vya koti siku ya kuondoka, Mei 1943, akasema, "Nenda tu, mwanangu. Kufikia kuchuma zabibu watakuwa wamechoka." Zabibu zimechumwa mara sitini na tano tangu siku hiyo.

Basi Jumanne ikafika, tarehe kumi na tisa Februari. Kamati ilikutana juu ya kituo cha wazimamoto, kwenye chumba kinachonuka mpira na kahawa. Walikuwa watu watano na Sandrine, lakini wanne kati yao walikuja kunywa kahawa. Aliyeongea ni mwenyekiti, Ignace Stoeffler.

Ignace alikuwa na miaka sabini na tisa na mgongo ulionyooka kama wa kuruti. Nyumba yake na ya Leonie zilishiriki ukuta mmoja. Walisikiana wakikohoa, wakipiga chafya, wakigombana na redio. Na kwa miaka sitini na mitatu hawakuwahi kuambiana zaidi ya "Siku njema" na "Siku njema", huku kila mmoja akitazama viatu vya mwenzake.

"Kamati imelisoma ombi," Ignace alisema. "Kamati inasikitika."

"Kamati au wewe? Maana hao wengine naona wanasoma kucha zao."

"Jiwe lile lina heshima yake, Leonie. Aloyse alipotea akiwa na sare gani mwilini?"

"Ile waliyomvisha! Ulitaka wamwulize anapenda rangi gani?"

"Kaka yangu Xavier hakukubali kuvishwa."

"Na babu yako Joseph je? Yuko pale mstari wa tatu, mwaka 1915, amekufa na kofia ya Kaizari kichwani. Mbona huyo hujamkwangua?"

"Ile ilikuwa vita nyingine."

"Ilikuwa ileile. Walipumzika tu kula."

Mmoja wa wale wanne akacheka, akakigeuza kicheko kikohozi haraka. Sandrine alisema, "Wazee wangu, tafadhali," lakini alisema bila matumaini, kama mtu anayewaambia mbwa wawili.

"Jiwe limeandikwa 'Wafu wetu' basi," Leonie aliendelea, na sauti yake ilikuwa imeanza kupanda. "Halikuandikwa walimfia nani. Unajua kwa nini? Kwa sababu waliolijenga waliona haya! Wangeandika nini? Huyu alimfia huyu, yule akamfia yule, na huyu wa pembeni aliuawa na binamu yake? Wakaona waandike 'wetu' wanyamaze. Ile ndiyo akili pekee iliyowahi kupita katika kijiji hiki. Sasa wewe unataka kuwa na akili kuwashinda."

"Mimi nataka ukweli!" Ignace alipiga meza, vikombe vikaruka. "Xavier alikataa. Akavuka mlima, akaingia Uswisi. Na sisi tukalipa. Siku ya tatu lori likaja, tukapakiwa kama magunia, baba, mama na mimi. Miaka kumi na minne nilikuwa nayo. Mama alikufa kule kambini kwa homa ya matumbo, nikamfunga kidevu mimi mwenyewe kwa kitambaa chake cha kichwa. Na ninyi? Ninyi mlibaki hapa mnachuma zabibu. Na zetu mkatuchumia!"

"Tulizichuma zisioze! Mama alisema mkirudi mkute mvinyo."

"Nilirudi. Niliukuta wapi?"

"Waliunywa Wajerumani, halafu wakaja kutukomboa Wamarekani, wakamalizia. Kawadai!"

Hakuna aliyecheka safari hii. Ignace alikuwa amesimama, na Leonie aliona kwamba kilichomsimamisha hakikuwa hasira peke yake.

"Umewahi kulisoma lile jiwe, Leonie?" aliuliza, sasa kwa sauti ya chini. "Lote? Mama yangu hayumo. Miaka ishirini na mitano mimi ni mwenyekiti, kila Novemba nasimama pale kwenye mvua nasoma majina ya watu sitini na mmoja kwa sauti, na mama yangu hayumo. Mwaka 1947 baba alikwenda kuomba. Wakamwambia jiwe ni la wanajeshi, mwanamke haandikwi. Wakapiga kura. Unajua nani aliinua mkono wa kwanza kukataa?"

Leonie hakujua, lakini alijua. Alikuwa na miaka kumi na saba mwaka 1947. Alikumbuka baba yake akirudi kutoka kwenye kikao, akila supu yake mpaka chini ya bakuli, na mama akimwuliza walizungumza nini, naye akijibu, "Hakuna la maana."

"Baba yangu," alisema.

"Baba yako."

Leonie alikuwa amekuja na maneno mengi, ameyapanga njia nzima kutoka nyumbani, na yote yalikuwa makali. Sasa akayatazama akaona hayafai kitu. Kilichobaki kilikuwa kile kimoja ambacho hakuwahi kumwambia mtu, hata padri.

"Aloyse alikuwa aende na yeye," alisema.

"Nani?"

"Na Xavier wenu. Xavier alitangulia kutazama njia. Aloyse alikuwa amfuate baada ya wiki moja. Begi lilikuwa tayari chini ya kitanda, nililiona kwa macho yangu: soksi, mkate mkavu, kikaratasi cha njia alichochora Xavier. Halafu lile lori likaja kwenu. Tulikuwa dirishani wote, tumesimama nyuma ya pazia kama wezi. Tulimwona mama yako anapanda. Alikuwa amebeba birika. Sijui kwa nini, watu wengine wamebeba blanketi, yeye birika."

Ignace alikuwa amekaa.

"Aloyse aliondoka dirishani, akaenda chumbani, akalifungua lile begi. Akarudisha soksi kwenye droo, jozi moja moja, amezipanga vizuri. Mei walipomwita akaenda. Hakwenda kwa ajili ya mtu wa Berlin, Ignace. Alikwenda ili mama yetu asipande lori. Kwa hiyo mimi nimekuchukia. Miaka sitini na mitatu nimekusikia unakohoa nikasema kohoa ufe, wewe na Xavier wako, angetulia yeye hapa, kaka yangu angevuka mlima. Na najua fika hamkutenda kosa lolote. Lakini ningemchukia nani? Yule wa Berlin alijiua, hana mlango nikaubishe. Wewe uko ukutani."

Chini, mzimamoto mmoja alikuwa anaosha gari, na maji yalisikika yakigonga bati.

"Birika la bluu," Ignace alisema hatimaye. "Lilikuwa bado na kahawa. Hakutaka imwagike."

Machozi yakamtoka, mtu mzima wa miaka sabini na tisa, na wote mle ndani wakainamisha vichwa ili asione kwamba wamemwona. Leonie peke yake hakuinamisha. Alikasirika upya, lakini safari hii hasira haikuwa na pa kutua chumbani mle. Ilipita juu ya kichwa cha Ignace, ikapita juu ya kichwa cha baba yake mwenyewe aliyelala makaburini, ikaenda mbali, kwa watu wenye ramani na kalamu ambao hawakuwahi kujua kama Kestelheim ipo. Hao ndio waliofanya majirani wawili wapigane vita yao kwa miaka sitini baada ya wao kutia sahihi ya amani na kupigwa picha.

"Mwandikeni mama yake," alimwambia Sandrine. "Philomène Stoeffler. Mtangulizeni. Kisha Aloyse. Au hamna nafasi?"

"Nafasi ipo," Sandrine alisema, akipangusa pua. "Chini kabisa waliacha sehemu kubwa tupu. Tangu mwaka 1922."

"Walijiandaa," Leonie alisema. "Mnaona watu hao? Vita ya mwisho kabisa, walituambia, na huku wanaacha nafasi."

Sandrine aliuliza nani anakubali. Mikono minne ya wanywaji kahawa ikapanda kwa furaha ya watu walioruhusiwa kwenda nyumbani. Wa Ignace ukapanda wa mwisho, polepole, na haukushuka mpaka Sandrine alipomgusa bega.

Wengine waliposhuka, Sandrine alifungua mkoba wake, akatoa faili la kijani lililochakaa pembeni. "Bibi, limebaki lile la mahakama. Na hili si gumu kama tulivyokuwa tunadhani. Nimelitafuta chini stoo jana. Ombi liliandaliwa zamani, mwaka 1958. Limejazwa lote: jina, kikosi, mahali alipoonekana mara ya mwisho. Limeletwa kwenu mara tatu. Linakosa sahihi ya ndugu wa karibu tu. Ningelichapa upya, lakini..."

Aliacha kusema, kwa sababu aliuona uso wa Leonie.

Leonie aliijua ile karatasi. Alikuwa nazo tatu kama hiyo kwenye kabati la vyombo, chini ya vitambaa vya meza, na ya kwanza ilikuwa na alama ya duara ya kikombe cha mama yake. Mama aliipokea mwaka ule wa 1958, akaisoma, akaweka kikombe juu yake. "Nitie sahihi kwamba mtoto wangu amekufa?" alisema. "Wamuue wao, karatasi nitie mimi?" Na alikuwa na sababu, maana mwaka 1955 mwanamume mmoja wa kijiji cha jirani alikuwa amerudi kutoka Urusi kwa miguu yake, baada ya miaka kumi na zaidi, akamkuta mkewe ameolewa na jina lake limeshachongwa. Mama alisema wake hatachongewa. Siku akirudi asikute wamemfukia. Mama alifariki mwaka 1979, karatasi ya pili ikaja kwa jina la Leonie, na Leonie akaiweka juu ya ile ya kwanza. Ya tatu aliipokea mwaka 1996. Akasema atatafuta miwani.

Berlin walimchosha, Moscow walimchosha, Paris ndiyo usiseme, na katika kulalamika kwake kote alikuwa na haki. Lakini karatasi ilikuwa kabatini mwake. Serikali ngapi alikuwa amezigombeza ili asifungue kabati moja?

"Ulijua," Ignace alisema. Hakusema kwa kumshtaki.

"Nyamaza wewe."

"Sisemi kitu. Mimi nguo za mama nilizitunza mpaka nondo wakazimaliza."

Sandrine alisema kwamba wanahitajika pia mashahidi waliomfahamu Aloyse, na mmoja angetosha kwa kuanzia. Kisha akaona aibu, kwa kuwa katika kijiji kizima waliokuwa wamebaki ni wawili, na mmoja ndiye mwombaji.

"Nilimfahamu," Ignace alisema. "Aliniahidi kunifundisha kupiga mluzi kwa vidole viwili, akanizungusha mwaka mzima. Niandike."

Leonie alivaa miwani. Akachukua kalamu. Mkono wake, uliopogoa mizabibu kwa miaka sitini, ulikataa mara ya kwanza, kalamu ikachora kamstari kafupi pembeni. Akapumua. Akaandika jina lake lote, L kubwa kama walivyomfundisha Wafaransa, na R ya Kijerumani, kwa vile alijifunza herufi moja kwa huyu na nyingine kwa yule, na hakuwahi kuzipatanisha.

"Bado kisanduku kimoja," Sandrine alisema taratibu. "Tarehe ya kifo, kwa kadiri familia inavyoamini. Mahakama itaamua yenyewe, lakini wanataka kusikia yenu. Wengi huandika Juni 1944. Au mwisho wa vita. Wewe unaaminije, Bibi?"

Leonie alikitazama kile kisanduku. Juni 1944 mama alikuwa anamfumia fulana. Mwisho wa vita mama alifumua bendera nyekundu ya Wajerumani, akashona ya Ufaransa, akaitundika dirishani ili Aloyse akirudi ajue nyumba iko upande gani safari hii. Mwaka 1950 walipaka rangi chumba chake. Mwaka 1979 mama, akiwa mahututi, aliuliza kama mlango wa nyuma umefunguliwa. Na yeye Leonie, mpaka asubuhi ile, hakuwahi kuufunga mlango ule kwa ufunguo.

"Andika leo," alisema.

"Leo? Tarehe kumi na tisa Februari, mwaka huu?"

"Leo. Nyumbani kwetu hajawahi kufa kabla ya leo."

Sandrine alimtazama Ignace, kama anayeomba msaada. Ignace alikuwa tayari anaweka jina lake mahali pa shahidi.

"Ila fundi huchonga na umri," Sandrine alisema. "Wote wa pale wana umri wao pembeni. Mahakama ikiikubali tarehe ya leo, Bibi, itabidi achonge themanini na miwili."

"Achonge," Leonie alisema. "Pale karibu wote ni kumi na tisa, ishirini, ishirini na moja. Acheni mmoja wao afe mzee."